Julai ya Hazina, Oktoba ya Mlima

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Bunge huwa limeshapitisha bajeti, wabunge wameondoka Dodoma, na Hazina inaanza kupanga nani apewe nini katika robo ya kwanza. Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya umma anaijua robo hiyo. Mishahara hutoka. Mengine husubiri: mpango wa manunuzi upitishwe, mfumo ufunguliwe, barua zijibiwe. Fedha za matumizi mengineyo, zile ambazo maofisini huitwa OC, hufika kwa vipande, na mara nyingi kipande cha kwanza ndicho chembamba kuliko vyote.

Mlima Kilimanjaro nao una kalenda yake. Masika huondoka kati ya Mei na Juni. Julai, watu wa Kibosho na Old Moshi bado wamejifunika kwa baridi na ukungu, lakini juu ya msitu, kuanzia mita 3,000 hivi, ukavu umeshaanza kazi. Septemba nyasi zimekuwa za kahawia na vichaka vya erika vimekauka hadi ndani. Oktoba, kabla ya vuli kushika, cheche moja yatosha. Kufyeka njia za kinga moto, kuongeza doria, kununua pampu za mgongoni, kujaza mafuta kwenye magari, kuwapanga vijana wa vijiji vya juu kwenye vikosi vya akiba: haya yote yana maana yakifanyika Julai, Agosti na Septemba. Yakifanyika Novemba, mvua imeshayatangulia.

Kwa hiyo mlima unahitaji fedha zaidi katika miezi ileile ambayo Hazina ni nzito zaidi kuzitoa. Naliweka hili mbele kwa sababu mjadala wetu kuhusu fedha za uhifadhi umezoea kuishia kwenye jumla: bilioni ngapi zimetengwa, zimeongezeka au zimepungua. Jumla ina umuhimu wake. Lakini kwa askari wa hifadhi aliyeko kambi ya Horombo au geti la Londorosi, swali la kwanza ni fedha imefika lini.

Oktoba 11, 2020, moto ulizuka eneo la Whona, mahali ambapo wapandaji wa njia ya Marangu hupumzika kati ya Mandara na Horombo. Usiku ule watu wa Moshi mjini waliuona mstari mwekundu juu ya giza la msitu. Mamia ya watu walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, wapagazi ambao mlimani huitwa wagumu, na wanakijiji waliobeba matawi na mapanga. Upepo ulikuwa mkali, maji yalikuwa mbali, na mwinuko wenyewe huwakata pumzi hata walioizoea njia. Hadi ulipozimwa, zilikuwa zimeungua kilomita za mraba 95.5. Miaka miwili baadaye, Oktoba 21, 2022, moto mwingine ukaanza karibu na kambi ya Karanga, upande wa kusini, ukasumbua kwa siku nyingi na kuunguza zaidi ya kilomita za mraba 30.

Kusema kwamba moto wa 2020 uliletwa na bajeti itakuwa uongo, na sisemi hivyo. Mlima huu umeungua tangu zamani. Warina asali, wawindaji na wapandaji wameuwasha kwa makusudi au kwa uzembe. Kinachobadilika ni uwezo wa kuuwahi moto ukiwa bado mdogo, na uwezo huo hununuliwa kwa fedha.

Kilichoungua hakikuwa nyasi tu. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea kutoka Chuo Kikuu cha Bayreuth ambaye ameutafiti mlima huu kwa miongo kadhaa, ameonyesha kwamba moto umekuwa ukiushusha mpaka wa juu wa msitu. Pale palipokuwa na miti ya erika yenye urefu wa mita kadhaa, iliyofunikwa na kuvumwani, sasa ni vichaka. Miti ile hunasa ukungu. Majani yake ni membamba kama sindano, na matone hujikusanya juu yake hadi yanadondoka ardhini hata siku isiyo na mvua. Katika andiko lake la 2005, Hemp alifikia hitimisho linalopaswa kujulikana kwa kila mkazi wa Moshi: kwa upande wa maji, hasara inayotokana na kuungua kwa msitu wa juu inaizidi kwa mbali hasara ya kuyeyuka kwa barafu.

Hilo ni gumu kulikubali, kwa sababu barafu ndiyo tunayoiona. Kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kibo, kilele cha mlima, ilipungua kwa takriban asilimia 85, na dunia nzima imeililia. Lakini barafu ile haikuwahi kuwa chanzo kikuu cha mito yetu. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001, chini ya Christian Lambrechts wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ulitoa makadirio kwamba takriban asilimia 96 ya maji yanayotoka mlimani huanzia ukanda wa msitu. Barafu haiwezi kurudishwa na bajeti ya Wizara yoyote. Msitu unaweza kulindwa nayo. Mwaka 2016 shirika hilohilo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba tangu 1976 mlima ulikuwa umepoteza hekta 13,000 za msitu, kwa moto na kwa ukataji haramu, na kwamba maji yaliyopotea pamoja na miti hiyo yangetosha kuwanywesha watu milioni moja kwa mwaka mzima.

Ili kuelewa tumefikaje hapa, ni lazima kufuata msitu huu ulivyopita mikononi mwa watunzaji mbalimbali, kwa sababu mara nyingi fedha ndizo zilizoamua hatima yake.

Waingereza waliutangaza kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1921. Mwaka 1941, baada ya watu wa vihambani, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, kukosa kuni na mbao, sehemu ya chini ya msitu ilitengwa kwa matumizi yao: ukanda wenye upana wa nusu maili, uliopita kati ya vihamba na msitu wenyewe, chini ya utawala wa Wachagga. Hadi leo watu wa juu huuita nusu maili. Humo ndimo akina mama walimokata majani ya ng'ombe wanaofugwa zizini, wakaokota kuni, na familia zikapata nguzo za nyumba. Ukanda ule ulikuwa ngome ya msitu kwa sababu ulikuwa na mwenyewe. Anayeupata mti wa kukata nusu maili hana haja ya kupenya ndani kuutafuta mkulo, mti wa mbao wa msitu wa asili.

Kisha mwenyewe akaondolewa. Mapema miaka ya 1960 utawala wa machifu ulifutwa, na nusu maili ikaangukia halmashauri za wilaya. Mwaka 1972 halmashauri hizo nazo zikafutwa, na ziliporudi mwaka 1984 zilikuwa na mahitaji mengi na makusanyo machache. Miti iliyopandwa ilivunwa, mahali pengine pakabaki bila kupandwa upya, na mashamba yakasogea. Juu ya nusu maili, hifadhi ya msitu ilikuwa chini ya Serikali Kuu, ambayo katika miaka ya 1990 ilikuwa inapunguza wafanyakazi kwa masharti ya marekebisho ya uchumi. Walinzi wa misitu hawakunusurika. Kwa miaka kadhaa kazi ya kulinda misitu ya vyanzo vya maji katika mikoa kama Kilimanjaro ilitegemea kwa sehemu kubwa msaada wa Norway, na msaada wa namna hiyo una tarehe ya kwisha.

Ndege ya mwaka 2001 ilionyesha matokeo. Wachunguzi waliona mikulo iliyokatwa, tanuri za mkaa ndani ya msitu wa asili, na nusu maili iliyovamiwa vibaya katika sehemu nyingi. Mkulo ni mti unaochukua vizazi kukomaa. Ule mti mrefu kuliko yote inayojulikana barani Afrika, ambao si mkulo na ambao Hemp na wenzake waliutangaza mwaka 2016, upo kwenye korongo la mlima huuhuu. Una mita 81.5 na umri unaokadiriwa kuwa karne kadhaa. Umesalia kwa sababu korongo lake ni refu na halifikiki kirahisi. Mingine yenye hadhi kama yake, iliyokuwa karibu na barabara, haikuwa na bahati hiyo.

Wakati msitu unadidimia, juu yake palikuwa na jirani mwenye nafasi. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyotangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 1977, ilihusu eneo la juu tu, kuanzia mita 2,700. Ilikuwa na magari, redio, askari na, zaidi ya yote, mapato yake yenyewe. Mgeni asiye mkazi anayepanda kwa siku sita kwa njia ya Machame, kwa viwango vya ada ya uhifadhi vya dola 70 kwa siku na kambi dola 50 kwa usiku, huacha getini karibu dola 700 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Kilimanjaro hupandwa na watu takriban 50,000 kwa mwaka. Kwa miaka mingi ilifahamika kwamba hifadhi tano tu ndizo zilizojitosheleza kwa mapato na kuzibeba nyingine zote: Serengeti, Kilimanjaro, Tarangire, Manyara na Arusha. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilikusanya, likatumia, na lilichangia Serikalini kwa taratibu zilizowekwa.

Mwaka 2005 msitu ukaunganishwa na hifadhi, na eneo la hifadhi likapanda hadi kilomita za mraba 1,700 hivi. Hoja ilieleweka na watu wengi waliikubali: Idara ya Misitu haina fedha wala askari, TANAPA inavyo vyote viwili. Gharama ya uamuzi huo waliibeba wanawake wa vihambani. Nusu maili iliyokuwa yao kwa sheria ya mwaka 1941 sasa ilikuwa ndani ya hifadhi ya taifa, ambako kukata majani au kuokota kuni ni jambo la kuombewa ruhusa, na mara nyingine la kukimbizwa. Waliambiwa, kwa maneno au kwa vitendo, kwamba wanapoteza haki hiyo ili msitu upate mlinzi mwenye uwezo. Ahadi hiyo haikuandikwa popote, lakini ndiyo iliyoubeba uamuzi wenyewe, na wanasiasa wa Vunjo, Rombo na Moshi Vijijini wamekuwa wakiisikia kila wakiitisha mkutano juu ya mlima.

Miaka kumi na mitano baadaye nguzo ya hoja hiyo iliondolewa. Juni 11, 2020, Waziri wa Fedha na Mipango wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alisoma bungeni bajeti iliyofuatwa na Sheria ya Fedha ya 2020. Kuanzia Julai mwaka huo, mapato ya TANAPA na ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro yalianza kukusanywa na Mamlaka ya Mapato na kuingia Mfuko Mkuu wa Serikali, na mashirika hayo yakaanza kuomba bajeti Hazina kama idara nyingine. TANAPA iliyokabidhiwa msitu wa Kilimanjaro kwa sababu ilikuwa na fedha zake, ikawa haina tena fedha zake.

Haki inanitaka niseme upande wa pili. Sheria ile ilikuja wakati safari za ndege duniani zimekwama kwa janga la korona. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Shirika linaloishi kwa viingilio, bila viingilio, halilipi mishahara, na hakuna ajuaye TANAPA ingevukaje mwaka ule bila Hazina nyuma yake. Vilevile hakuna kanuni inayosema fedha inayokusanywa Marangu lazima itumike Marangu. Nchi ina wagonjwa na wanafunzi mahali pasipo na mlima wa kupandisha wageni. Na shirika linalojikusanyia na kujitumia linahitaji kukaguliwa kama mengine. Hoja hizi ni nzito, na anayezipuuza hataki kujadiliana.

Ila tazama mzigo ulivyokuwa. Mwaka mmoja kabla, 2019, idadi ya hifadhi za taifa ilipandishwa kutoka 16 hadi 22. Nyerere, Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na wenzake zilihitaji askari, barabara na mipaka kabla hazijapata wageni. Eneo la kulinda liliongezeka kwa kasi, mamlaka juu ya mapato yakaondolewa, na mapato yenyewe yakaporomoka, vyote ndani ya miezi kama kumi na minane. Wageni wamerudi tangu hapo: 1,808,205 mwaka 2023, na zaidi ya milioni mbili mwaka 2024. Sheria nayo imerekebishwa tangu wakati huo, mashirika yakaruhusiwa kubaki na sehemu ya makusanyo. Marekebisho hayo ni kukiri, kwa lugha ya sheria, kwamba utaratibu wa 2020 ulibana kupita kiasi. Lakini sehemu si chote, na shirika lililokwisha kuzoea kuomba hupanga mambo yake kama mwombaji.

Hapa kwetu bajeti ya uhifadhi ni nadra kukatwa kwa sauti. Hutasikia waziri akisimama na kusema tumepunguza fedha za Kilimanjaro. Inaanzia kwenye ukomo wa bajeti, ile namba ambayo Hazina huituma kwa kila fungu kabla ya maandalizi. Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo fungu lake ni la 69, hupanga ndani ya ukomo huo, na mahitaji yaliyozidi hayaandikwi popote ambapo mbunge atayaona. Kisha inakuja fedha iliyoidhinishwa lakini haikutoka. Kisha iliyotoka Machi wakati ilitakiwa Agosti, ambayo kwenye taarifa ya mwisho wa mwaka itahesabika kama imetoka.

Kinachokatwa kwanza kinatabirika. Mishahara haiguswi. Geti haliguswi, kwa sababu ndilo linaloingiza. Vibanda vya Mandara na Horombo, njia za wapandaji, vyoo vya kambini, haya hutunzwa, na yapaswa kutunzwa. Kinachosubiri ni kile ambacho kikikosekana leo hakuna mgeni atakayelalamika: doria za usiku upande wa Rombo, alama za mipaka zilizong'oka, njia ya kinga moto ambayo haikufyekwa mwaka jana wala mwaka juzi. Kinasubiri pia kile TANAPA ilichokiita ujirani mwema, yaani madarasa, zahanati, madaraja na vitalu vya miche katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Kwenye majedwali fungu hilo huonekana kama hisani. Mlimani ndilo lililokuwa malipo pekee ambayo wanavijiji walipata badala ya nusu maili yao, na mwanakijiji asiyepata kitu kutoka msituni hana sababu ya kupanda usiku kwenda kuuzima moto wake.

Tatizo la kazi zinazoahirishwa si letu peke yetu. Idara ya hifadhi za taifa ya Marekani, nchi tajiri kuliko zote, ina kiporo cha matengenezo kinachozidi dola bilioni 20. Lakini barabara mbovu husubiri ikiwa palepale. Ukirudi nayo baada ya miaka mitano, utaikuta. Msitu uliokosa mlinzi kwa misimu mitano haukusubiri.

Nje ya hifadhi hali ni nyembamba zaidi. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ambao una mashamba ya miti Kilimanjaro Magharibi na Rongai, hujiendesha kwa sehemu kubwa kwa mauzo ya mazao ya misitu. Shamba la misindano linaingiza. Msitu wa asili usiovunwa hauingizi. Pale Rau, pembeni kabisa ya mji wa Moshi, kuna msitu mdogo wa maji ya chini ya ardhi wenye msoo, mti adimu sana duniani. Anayeishi Njoro au Majengo anaweza kuufikia kwa baiskeli. Umezungukwa na nyumba na mashamba ya mpunga, na thamani yake kwa mapato ya ada ni ndogo. Upande wa pili wa mlima, ushoroba wa Kitendeni ndio njia ya tembo kati ya Kilimanjaro na Amboseli. Ulinzi wake unategemea vijiji na Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Enduimet, ambayo mgawo wake wa mapato ya utalii nao hupita Serikali Kuu kwanza. Na wafadhili waliokuwa wakiziba mianya hii wameondoka ghafla: mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mradi wa Tuhifadhi Maliasili uliokuwa ukisaidia shoroba na jumuiya za aina hii nchini ulisimama nao.

Miche, kwa upande wake, haikosi mfadhili. Kila mwaka watu hupanda miti Kilimanjaro kwa kampeni, benki zikichangia, shule zikitoka na majembe. Ni jambo jema na watoto wanajifunza kitu. Ila mche uliopandwa kihambani au kando ya barabara hauchukui nafasi ya erika iliyoungua mita 3,000 juu, na hakuna anayefanya kampeni ya kulipia posho ya doria.

Jambo linalonisumbua zaidi katika hesabu hizi ni kwamba wanufaika wakubwa wa msitu hawaonekani kwenye jedwali lolote la mapato yake. Maji ya Kilimanjaro huteremka Weruweru, Kikafu, Karanga, Rau na Himo. Yanaingia kwenye mabomba ya Moshi. Yanaingia kwenye majaruba ya Mabogini, ambako Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japan, ulipangwa kwa hekta 2,300 na umekuwa ukigombania maji na mashamba ya juu yake karibu tangu ulipozinduliwa. Yanalea miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini. Yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako kuna mtambo wa megawati 8, yanashuka Hale kwenye mwingine wa megawati 21, na Pangani kwenye ule wa megawati 68, kabla ya kufika baharini. Mkoa wa Kilimanjaro peke yake ulikuwa na watu 1,861,934 katika sensa ya 2022, na bonde lina mikoa zaidi ya mmoja. Wote hawa wanatumia msitu kila wanapofungua bomba, na kwenye vitabu vya hifadhi hawapo. Aliyepo ni mpandaji wa Machame, ambaye atautumia mlima kwa siku sita.

Watumiaji wakubwa hulipa ada ya matumizi ya maji kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyo na makao yake Moshi. Ada hiyo hugharamia vibali, vipimo vya mito na usuluhishi wa migogoro, na bodi yenyewe haina fedha za kutupa. Kwa maoni yangu hapo ndipo mageuzi yangeanzia: sehemu ya ada ya maji ya umeme, miwa na mji ipelekwe moja kwa moja kwenye ulinzi wa ukanda wa msitu, kwa mkataba unaotaja ni kilomita ngapi za kinga moto zitafyekwa na kufikia tarehe ipi. Fedha hizo si nyingi ukilinganisha na gharama ya mtambo unaosimama kwa kukosa maji. Na sehemu ya mapato inayobaki TANAPA ingetenga akiba ya moto inayovuka Juni 30 bila kurudishwa Hazina, ili Julai isimkute mhifadhi akiandika barua.

Tutaambiwa kwamba kutenga fedha kwa kazi maalumu kunaifunga mikono Serikali. Ni kweli kunaifunga, na ndiyo maana jambo hili linabishaniwa kila mahali. Nchini Kenya, mwishoni mwa Agosti 2025, shirika la misitu lilipotaka malipo yote ya Msitu wa Karura yapite kwenye mfumo mmoja wa Serikali badala ya utaratibu ulioshirikisha jumuiya ya wanaoutunza msitu huo, watu wa Nairobi walipinga hadi mahakamani. Waliuona msitu uliookolewa na Wangari Maathai na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1990, ukatunzwa kwa viingilio vyake, sasa ukiingizwa kwenye foleni ya Hazina. Walikuwa na nguvu moja ambayo sisi hatuna: kila anayekimbia Karura asubuhi anajua kiingilio chake kilinunua nini. Mkazi wa Soweto au Pasua hapa Moshi anayelipa bili ya maji hajawahi kuambiwa kwamba kuna msitu nyuma ya bomba lake, sembuse kwamba una mlinzi anayesubiri mafuta ya gari.

Kabla ya Serikali yoyote, wenyeji wa mlima huu walijua kugharamia maji. Mifongo, mifereji inayochukua maji kutoka makorongo ya juu na kuyapeleka kihambani, ilikuwa na wazee wake na siku zake. Kabla kiangazi hakijakaza, tarumbeta au mbiu ilipigwa, na kila nyumba inayonywa mfongo ule ilitoa mtu wa kwenda kuufukua, kuziba panapovuja na kutengeneza banio. Nyumba isiyotoa mtu ilitozwa faini, na faini hiyo ilinywewa au kuliwa na waliofanya kazi. Shimbwe Juu, ambako kilimo cha vihamba kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia, bado ipo mifongo inayofukuliwa. Mifereji ya namna hii huanzia juu, na mingine banio lake limo ndani ya msitu, yaani ndani ya hifadhi, kwa hiyo wanaokwenda kulitengeneza hupita kwanza kwa mhifadhi. Anaandika majina yao, wanaingia na majembe mabegani, na njia wanayopita kuelekea banioni, mwezi Julai, ina nyasi ambazo zamani zingekuwa zimeshafyekwa.